Kurwa wa Redioni

Chome, Upare
2 Machi 1958

Mdogo wangu Kaanaeli,

Salamu zangu zikufikie hapo Dar es Salaam na joto lake. Sisi ni wazima. Mama ni mzima, ila goti la kushoto linamsumbua baridi inapozidi. Wifi yako Anaeli anakusalimu. Kahawa imechanua vizuri na mvua zikija kwa wakati tutashukuru. Nawe je, kifua kimepona? Mama alisema una mafua, ameyasikia redioni. Nikamwambia redio inakwaruza kwa sababu ya betri, akasema yeye anajua pua ya mwanawe.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana nina hasira.

Tangu nilete redio hii, kila Jumamosi saa kumi na moja jioni ua wangu unajaa watu. Wanatoka mpaka upande wa msituni, wengine na viti vyao vichwani. Wote wanafuata mchezo wenu wa Nyumba ya Mzee Bahati. Mama anakaa mbele kabisa, mkono juu ya redio, na ukianza kusema wewe anawanyamazisha watu wazima kama watoto wa shule ya Jumapili.

Kinachonitia hasira ni hili la ghala. Ni Jumamosi ya nne sasa tangu ghala la Mzee Bahati liungue, na kila wiki mnatuacha mlangoni. Wote mle wanamsingizia Kurwa, mkaza mwana wake, mke wa mwanawe. Na Kurwa ndiwe wewe! Mama hawezi kulala, anauliza kwa nini mwanawe anaitwa mwizi na mchoma moto mbele ya Tanganyika nzima. Asheri jirani yangu anaapa ni shemeji yake Kurwa. Mwalimu anasema ni yule mpangaji. Tumefika mahali pa kushikana mashati. Na kila mtu ananigeukia mimi: "Sefania, si dada yako yumo humo? Hujui?" Nabaki nimekodoa macho kama mjinga katika ua wangu mwenyewe.

Wewe ndiwe unayepiga taipu karatasi hizo kabla hazijasomwa. Ulituambia mwenyewe Krismasi. Basi niambie nani kachoma ghala. Usiponiambia nitajua kwamba mji umekubadilisha.

Ndimi kaka yako,
Sefania


Dar es Salaam
9 Machi 1958

Kaka Sefania,

Shikamoo. Mshikie mama miguu kwa niaba yangu, na umwambie alisikia sawasawa, nilikuwa na mafua, sasa yamekwisha. Mimi sijambo. Hapa jua linawaka mpaka karatasi zinajikunja kwenye mashine.

Barua yako ilinichekesha, kisha ikaniudhi. Kaka, mtu hawezi kuwa karani wa ofisi ile na kuwa mdomo wazi. Siku ya kwanza nilipoajiriwa mkubwa wetu aliniketisha akaniambia, "Binti, unachokipiga hapa hukijui mpaka kisikike hewani." Nikaitikia. Mpaka leo sijamwambia mtu, hata wenzangu ninaokaa nao chumba kimoja.

Lakini kwamba mama halali, hilo limenishinda. Basi soma peke yako, kisha uiweke barua hii motoni. Aliyechoma ghala ni Mzee Bahati mwenyewe. Aliuza mahindi yote kwa siri, akachoma ghala tupu ili wanawe wasijue. Itajulikana Jumamosi ya tarehe 22. Kurwa atasafishwa jina. Mwambie mama hilo tu, kwamba Kurwa hana kosa. Usimwambie mwingine, hata Anaeli. Nakuomba kwa mikono miwili.

Mdogo wako,
Kaanaeli


Chome
24 Machi 1958

Kaanaeli,

Salamu. Sisi hatujambo. Mvua imeanza, na mfereji wetu umebomoka tena juu kule, kesho tunakwenda kuuziba.

Nimefanya kosa na ninakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwingine. Nilimwambia Asheri. Alinichokoza mbele ya watu kwenye kazi ya mfereji wiki iliyopita, akasema mimi nina redio lakini sina habari. Ulimi ukaniteleza. Nikasema, "Mzee Bahati mwenyewe ndiye aliyechoma. Mtaona." Wakacheka, lakini kufika jioni kijiji kizima kilikuwa nalo.

Jumamosi wakaja wote, wengi kuliko siku zote, kuhakikisha maneno yangu. Mzee Bahati alipoanza kulia na kukiri, hakuna aliyeguna. Walinigeukia mimi, wakapiga makofi kama nimeshinda mbio. Nikajiona mkubwa kwa dakika moja. Baada ya hapo nikawa sina kitu. Kaanaeli, mwezi mzima nimeingojea siku ile. Ikafika, na mimi nimekaa pale nikisikiliza mtu akisema jambo ninalolijua, nikihesabu maneno yaliyobaki amalize. Umenipa chakula kilichokwisha kutafunwa. Asheri naye alinuna, akasema afadhali angebaki anabishana na mwalimu. Wengine waliondoka kabla wimbo wa mwisho haujapigwa.

Mama peke yake ndiye aliyefurahi. Alikuwa akitabasamu tangu mwanzo, kila walipomtukana Kurwa akisema, "Semeni tu, semeni, mtaaibika." Sijui yeye ameumbwaje.

Nimekasirika nawe kwa kuniambia. Najua ni mimi niliyekuomba. Hata hivyo nimekasirika.

Kaka yako,
Sefania


Dar es Salaam
2 Aprili 1958

Kaka,

Shikamoo. 

Unakasirika wewe? Wewe? Hebu nikuambie uone nani mwenye haki ya kukasirika.

Omari, yule dereva wa lori anayepakia vitunguu Hedaru, alifika Kariakoo Alhamisi ya tarehe 20. Siku mbili kabla ya mchezo! Akakaa kwenye mkahawa akawatangazia watu kwamba Upareni wanajua nani kachoma ghala, kwa sababu "karani wa redio ni binti wa Chome, anamwandikia kaka yake." Kaka, walitaja mpaka kijiji! Mpishi wa mkubwa wetu alikuwa sokoni. Ijumaa asubuhi niliitwa.

Sikuweza kukana. Alinionyesha kiti nikakataa kukaa. Akaniuliza, "Ulilipwa?" Hilo ndilo lililoniuma, kaka. Nikasema nilimwandikia ndugu yangu kwa sababu mama halali. Akacheka bila kufurahi. Akasema watu kumi na wawili walifanya kazi miezi mitatu kwa ajili ya ile dakika moja, na mimi nimeigawa sokoni pamoja na vitunguu.

Nimeondolewa kwenye mashine. Sasa napanga faili kwenye chumba kisicho na dirisha. Wenzangu wa mchezo nikiingia wananyamaza. Mzee anayeigiza Mzee Bahati, aliyekuwa akiniita mwanangu, alinipita ukumbini kama anapita nguzo. Na kuhusu sehemu yangu ya Kurwa nimeambiwa nisubiri, watanijulisha.

Nilikuomba kwa mikono miwili. Ningemwomba mgeni wa njiani angenistahi zaidi.

Msalimie mama. Usimwambie lolote katika haya.

Kaanaeli


Chome
14 Aprili 1958

Kaanaeli,

Nimepokea barua yako, nimeisoma mara tatu. Pole kwa yaliyokupata. Nimesema pole, sasa nisikilize na mimi.

Unaniandikia kama mtu aliyekuuza. Nilikuambia kosa langu mwenyewe, hukunikamata. Omari nimemwendea Hedaru, tumetupiana maneno mbele ya duka mpaka watu wakatutenganisha. Hapa kijijini nimekuwa kichekesho. Jumamosi iliyopita walikuja watu saba. Saba! Pasaka ua ulikuwa mtupu. Nilimfuata Asheri nikamuuliza, akanijibu bila kunitazama: "Tuje kufanya nini? Wewe kaa na redio yako na barua zako. Ukishajua mwisho, njoo utusimulie, tutakuwa tumelala." Hawaamini tena kwamba sijui. Nikikaa kimya wanasema najua nafanya siri. Nikibishana nao wanasema nawapoteza makusudi.

Na mimi mwenyewe kila sauti nikiisikia najiuliza kama dada yangu amekwisha ipiga taipu. Utamu umeniishia.

Basi nimeamua, na nimeapa mbele ya Anaeli. Mpaka mchezo huu uishe, sifungui barua yako yoyote. Ikija naitia kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, bahasha haijafunguliwa. Asheri na aje aone kopo. Nataka kusikiliza kama mtu mwingine yeyote katika nchi hii. Mama akiwa na jambo nitamwandikia, lakini kutoka kwako sitaki hata salamu.

Sefania


Dar es Salaam
15 Aprili 1958

Kaka Sefania,

Shikamoo. Natumai mama ni mzima.

Nilidhani nitakaa muda mrefu bila kukuandikia, maana hasira yangu haijapoa. Lakini hili lazima ulijue, na safari hii nakuambia uwaambie watu wote, hata ukipanda juu ya mwamba ukapiga kelele.

Wameamua kumwua Kurwa. Hawanitaki tena katika mchezo, na njia rahisi ya kunitoa ni hiyo. Jumamosi tarehe 26 Kurwa atakufa kwa homa ya mapafu, mbali na kwao. Nimekwisha pewa karatasi. Dakika tano nzima ni kukohoa na kuita mama. Nilipojaribu jana, mwanamke anayeshika saa alitoka nje kulia.

Hilo si baya zaidi. Baada ya kufa hakutakuwa na wimbo. Ataingia mtangazaji yule yule anayesoma vifo vya kweli kila jioni, kwa sauti yake ile ile, asome: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Kurwa, kilichotokea hapa Dar es Salaam. Habari ziwafikie mama yake na ndugu zake popote walipo." Nimewaambia kwamba watu watashtuka. Mkubwa akanijibu kwamba ndivyo anavyotaka, safari hii washtuke.

Kaka, mwambie mama kabla. Mketishe, umweleze polepole, neno kwa neno kama nilivyoandika. Mwambie nitakuwa nimesimama nje ya chumba cha kutangazia nikinywa chai. Mwambie mwisho wa mwezi naacha kazi ile, na nitakuja nyumbani kumwona. Usimwache asikilize bila kujua.

Mdogo wako,
Kaanaeli


SIMU YA MAANDISHI
Imetoka Dar es Salaam, 24 Aprili 1958
Kwa Sefania, Chome, kupitia Posta ya Same

BARUA YAKO NIMEIPATA LEO STOP FUNGUA YANGU YA TAREHE 15 LEO HII STOP MWAMBIE MAMA NI MCHEZO TU STOP MIMI MZIMA STOP KAANAELI


Same
29 Aprili 1958

Mdogo wangu Kaanaeli,

Mama yu hai. Naanza na hilo ili usome yanayofuata umekaa.

Simu yako niliipata jana, hapa Same. Karani wa posta anasema ilikaa tangu Ijumaa ikingoja mtu wa kupanda Chome. Mvua imekata njia, hakuna aliyepanda. Barua yako ilikuwa kwenye kopo tangu Jumanne. Nimeifungua juzi, baada ya kila kitu. Usiniandikie lolote kuhusu kopo. Yote utakayoyasema nimekwisha jiambia, na kwa maneno mabaya zaidi.

Jumamosi watu walirudi. Walisikia nimeapa, wakaja, ua ukajaa hata ukutani. Na nitakuambia ukweli hata kama utanichukia. Sijawahi kusikiliza mchezo vile maisha yangu. Ulipoanza kukohoa nilishika mkono wa Asheri bila kujua. Ulipoita mama, wanaume walificha nyuso. Sikujua kama utapona au hutapona, na nilitaka kujua kuliko kitu chochote. Ndivyo nilivyokuwa, nakula utamu wangu, sikumtazama mama hata mara moja.

Kisha yule mtangazaji akasoma.

Mama akauondoa mkono wake juu ya redio. Hakupiga kelele. Akaniuliza, "Umesikia?" Nikamwambia, "Mama, ni mchezo huo." Akasema, "Mchezo una wimbo mwishoni. Huyu ndiye anayesoma maiti." Nikamwambia aliyekufa ni Kurwa. Akanijibu, "Mwanangu huko si ndiye wanayemwita Kurwa? Kikohozi kile nakijua. Alianza nacho tangu Februari." Nikacheka, Kaanaeli. Nilicheka ili watu waone ni jambo dogo.  Akasema, "Barua yake ipo juu ya kabati, umekataa kuifungua. Ulijua. Umenificha msiba wa mwanangu."

Nilipaswa kuishusha pale pale, niisome mbele yake. Ua ulikuwa umejaa watu. Nilimwambia, "Kesho, mama, baada ya ibada tutaifungua." Niliona haya kuvunja kiapo mbele ya Asheri. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Jumapili alisema goti linamuuma, twende kanisani tumwache. Tuliporudi hakuwapo. Alifunga kanga zake mbili nyeusi na ndizi za njiani, akashika njia ya kuteremka barabarani apate gari la kuja huko kukuzika. Peke yake, na mvua ile. Aliteleza penye mawe, chini ya mto wa pili. Asheri ndiye aliyemkuta, alisikia mtu akiimba wimbo wa maziko. Alikuwa amekaa matopeni, mguu umepinda, anaimba.

Tulimbeba kwa machela wanaume wanane kwa zamu mpaka barabarani. Aliyesimamisha lori ni Omari. Hakuniuliza kitu, alimwaga vitunguu vyake kando ya njia apate nafasi ya kumlaza.

Nyonga imevunjika. Yuko hospitali hapa. Nilimsomea barua yako, na simu pia. Akaniambia, "Unasoma unachotaka wewe, mimi sijui kusoma." Hakubali, Kaanaeli. Hali chakula. Kila muuguzi anayepita anamuuliza kama mwili umefika.

Njoo. Hata ukinipiga, njoo.

Kaka yako,
Sefania


Same
14 Mei 1958

Sefania,

Nimekuandikia wewe, siyo Anaeli, kwa sababu mama ameagiza hivyo. Mimi nisingeandika.

Nilifika Jumamosi ya tarehe 3, wewe ulikuwa umepanda Chome kuangalia nyumba, na mpaka leo hujateremka. Nilisimama mlangoni mwa wodi. Mama alinitazama. Nikamkaribia, nikapiga magoti kando ya kitanda. Akainua mkono akanipapasa uso wote kama kipofu, paji, pua, kidevu. Kisha akanizaba kofi ambalo wodi nzima ililisikia. "Nani amekufundisha kufa vizuri namna ile?" Ndipo akalia, na mimi nikalia, na wanawake waliolala humo ambao hawatujui wakalia. Baada ya hapo akaomba uji.

Jioni aliniambia nimweleze mchezo wote uliobaki. Nikamwambia, "Mama, nikikueleza utapoteza utamu." Akanikasirikia: "Utamu gani? Mimi sisikilizi nijue nani atafanya nini. Nasikiliza nikae nao. Siwezi kukaa na watu huku nimeshika roho mkononi." Nikamweleza yote niliyoyasoma nilipokuwa nikipanga faili, pale wodini, nikiigiza sauti zao. Mzee Bahati atahama, nyumba itauzwa, shemeji atamlea mtoto wa Kurwa. Mgonjwa wa kitanda cha tatu alijiziba masikio na kanga, akasema tumwache, yeye anangoja mwenyewe. Basi jioni nyingine ninamweleza mama kwa kunong'ona.

Jumamosi iliyopita karani wa hospitali alituletea redio dirishani. Mama alikuwa anajua kila kitu, akacheka kabla ya wenzake, akalia kabla ya wenzake. Mwenzake wa kitanda cha tatu alirukaruka kwa mshangao kila dakika. Sijui nani kati yao alifurahi zaidi. Nimewatazama wote wawili na sijui. Wewe ulitaka utamu kwa namna moja tu, na ukataka kila mtu aupate kwa namna yako.

Kuhusu mguu. Daktari amesema atakaa hapa mpaka Agosti, mguu umefungiwa vyuma vya kuuvuta. Atasimama kwa magongo. Chome hatapanda tena. Njia ile hataiweza, na hakuna gari linalofika mlangoni kwako. Nimepata kazi ya taipu katika ofisi hapa Same na chumba karibu na kituo cha treni. Atakaa kwangu. Migomba yake ambayo ameipanda tangu akiwa mwari, ataisikia kwa kusimuliwa. Jana aliuliza nani atawafukuza ngedere. Nilitoka nje.

Sijakusamehe. Sijajisamehe mimi pia, kwa sababu ningenyamaza tangu Machi, tusingefika hapa. Lakini mimi nilipokosa nilipoteza kazi. Wewe ulipokosa, ulikuwa unalinda jina lako mbele ya Asheri, na aliyelipa ni mama.

Yeye hana hasira nawe. Hilo ndilo linalonitia uchungu. Anasema uje Jumamosi, uje na Anaeli, na umletee udongo wa shambani kwenye kopo apande kitu kidogo mlangoni. Anasema usije na maelezo, amechoka na maelezo, uje ukae.

Umeona nimeanza barua hii bila shikamoo. Sikusahau. Nimejaribu kuiandika mara mbili, kalamu ikakataa. Njoo uichukue mwenyewe, mbele ya mama, kama itatoka.

Kaanaeli